Sauti Hupotelea Kwenye Maungio

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa muziki, habari za jioni.

Mlipokuwa mnaingia na kuketi palikuwa na wimbo unapigwa hapa mbele, mwimbaji mmoja na gitaa lake. Nilipita safu ya kwanza nikawauliza watu watatu swali moja: mwimbaji amesimama wapi? Wa kwanza akanionyesha kushoto. Wa pili akanionyesha kulia. Wa tatu alizungusha mkono hewani akasema, "Yuko kila mahali." Wote watatu wana masikio mazuri na wote walisema walichosikia. Naomba muyahifadhi majibu hayo, tutayarudia.

Nimealikwa kuzungumza juu ya nyaya za spika, na najua wengi mmekuja na swali moja: ninunue waya gani? Nitalijibu, na jibu lake ni fupi kuliko mnavyotarajia. Lakini nisingekubali kusimama hapa kwa ajili ya jibu hilo peke yake. Nimesimama kwa sababu naona watu wakiteseka na sauti mbovu, wakitoa fedha nyingi kwa ajili ya waya, ilhali ugonjwa uko kwingine. Katika njia yote ya umeme kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye koni ya spika, ule utando unaotikisa hewa, waya wenyewe ndio sehemu isiyosumbua sana. Sauti hupotelea pale chuma kinapogusana na chuma, na pale mtu anapounganisha bila kuhesabu.

Niwasimulie yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita spika yangu ya kulia ilianza kufifia. Haikukatika, ilififia tu. Matoazi yalikuwa yakiondoka na kurudi, na mwimbaji alikuwa akihamia kushoto kidogo kidogo kadiri jioni ilivyosonga. Nikanunua waya mpya, mnene kama kidole. Wiki ya kwanza nikaamini mambo yamekaa sawa. Wiki ya pili matoazi yakaondoka tena. Nikaipeleka amplifaya kwa fundi, akaniambia upande mmoja umechoka, akabadilisha vipuri, nikalipa. Niliporudi nayo, hali ikawa ileile. Siku moja, nimeshakata tamaa, niliigeuza spika niitazame mgongoni. Spika ile ina vichwa vinne vya kuungia waya: viwili vya chini vya wufa, ile koni kubwa ya besi, viwili vya juu vya twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, na kati yao kuna vibati viwili vya chuma vinavyounganisha juu na chini. Nilipoigusa nati ya juu ilizunguka kwa ncha ya kidole. Mtikisiko wa besi, siku baada ya siku, ulikuwa umeilegeza. Nikaikaza robo mzunguko. Matoazi yalirudi jioni ile na hayajaondoka mpaka leo.

Tangu hapo kila anayenijia na malalamiko ya sauti namuuliza kwanza: umeshazigusa nati zako?

Sasa tuuangalie waya wenyewe, maana lazima tujue unafanya kazi gani ndipo tujue usilaumiwe kwa lipi. Tangu Chester Rice na Edward Kellogg walipoeleza spika yao ya koili mwaka 1925, moyo wa spika haujabadilika sana: koili ya waya mwembamba imening'inia ndani ya uwazi wa sumaku, imeshikana na koni, umeme ukipita inasukuma na kuvuta hewa. Kazi ya waya unaotoka kwenye amplifaya ni kuufikisha umeme ule pale bila kuula njiani. Basi. Na kila waya hula kidogo, kwa sababu kila waya una ukinzani, yaani unauzuia umeme kidogo, nao tunaupima kwa omu, kwa jina la Georg Ohm aliyetuachia kanuni yake mwaka 1827.

Kiasi kinacholiwa kinahesabika. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo spika iliyo mita 5 kutoka kwenye amplifaya ina mita 10 za shaba njiani: omu 0.17. Ukichukua ule ambao mafundi wanauita waya wa mbili nukta tano, yaani milimita 2.5 za mraba, umbali huohuo unakupa omu 0.07 tu. Ukichukua ule mwembamba wa nusu milimita, unaokuja bure ndani ya boksi, unapata omu 0.34.

Ni nyingi au ni kidogo? Hapo inabidi tuitazame spika. Ile omu 8 iliyoandikwa nyuma ya spika ni namba ya kutajia tu. Ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na unene au wembamba wa sauti inayopigwa. Spika ya omu 8 inaweza kushuka hadi omu 5 au 4 mahali fulani, na mahali pengine ikapanda kupita omu 20. Pale inaposhuka, waya mwembamba unakula zaidi, na pale inapopanda unakula kidogo. Kwa waya ule wa nusu milimita, spika ikiwa kwenye omu 4 unapoteza desibeli 0.7, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti; ikiwa kwenye omu 20 unapoteza 0.15. Maana yake waya umeanza kuupindisha muziki, unapunguza sauti fulani na kuziacha nyingine, kama mtu anayegusa vitufe vya besi na trebo bila ruhusa yako. Desibeli nusu ikienea kwenye eneo pana la sauti, sikio lililotulia linaweza kuitambua. Kwa waya wa mbili nukta tano tofauti hiyo inashuka hadi karibu desibeli 0.1, na hapo mimi naacha kuhangaika.

Kanuni ninayoifuata ni ya zamani, na wengi wanaifuata: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni omu 0.4. Waya wa 1.5 unakufikisha mita 17 kabla ya kugusa mpaka huo, na wa 2.5 unakufikisha mita 29. Spika ikiwa ya omu 4, gawanya umbali huo kwa mbili. Nani kati yenu ana chumba cha mita 29? Basi jibu la swali lenu ni hilo: shaba halisi, unene wa 2.5, waya laini wenye nyuzi nyingi, mfupi kadiri chumba kinavyoruhusu. Mfuko ukiwa mwepesi na umbali ukiwa mdogo, 1.5 unatosha kabisa.

Nimesema shaba halisi, na hapo nawaomba muwe macho kweli. Kuna waya mwingi unaouzwa ukiwa na rangi ya shaba lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Si haramu na si sumu, ila unapitisha umeme kidogo kuliko shaba. Ukiambiwa ni 2.5, uhesabu kama 1.5. Tena alumini hukatika upesi ukiikunja mara kwa mara. Njia ya kuutambua ni rahisi: chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Shaba inabaki nyekundu hadi katikati. Alumini inang'aa nyeupe.

Yako mengine yanayosemwa kuhusu waya, nami nayapitia haraka kwa sababu yamechukua muda wa watu kupita kiasi. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, ni kweli, kwa asilimia 5 au 6. Faida hiyo ni sawa na kuukata waya wako wa mita 5 kwa sentimita 30. Mishale iliyochorwa juu ya waya kuonyesha upande wa kwenda: umeme wa muziki huenda na kurudi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, hauna upande wa kwenda. Mshale unafaa kwa jambo moja, kukukumbusha ncha ipi umeiweka wapi.

Na urefu sawa kushoto na kulia? Wengi wanakunja mita 3 za ziada nyuma ya kabati ili pande mbili zilingane. Umeme unazipita mita 3 hizo kwa nanosekunde 15 hivi. Sauti hewani inahitaji maikrosekunde 29 kuvuka sentimita 1 tu. Ukisogeza kichwa chako kwa upana wa ukucha, umeleta ucheleweshaji karibu mara 2,000 ya ule wa waya uliozidi. Kata waya kwa urefu unaouhitaji, acha wa kutosha kuivuta spika mbele ukitaka kufagia, na usonge mbele.

Kuna tukio moja tu ambapo waya wa ajabu huleta madhara. Baadhi ya nyaya za kifahari zimesukwa kwa namna inayozifanya zijikusanyie umeme kama kapasita, kile kipuri kinachohifadhi umeme kidogo, na zipo amplifaya chache ambazo zikikutana na waya wa namna hiyo hupoteza utulivu na kupata joto bila sababu inayoonekana. Kitabu cha amplifaya kikitaja aina ya waya au urefu wa chini kabisa, kitii.

Sasa nifike kwenye nilichokujia.

Hiki kipande nilichoshika ni waya wa spika uliotoka nyumbani kwa rafiki yangu. Nitaupitisha, kila mtu autazame. Ganda lake ni la plastiki ing'aayo, unaona hadi ndani. Katikati shaba bado ni nyekundu. Lakini tazameni sentimita 4 za mwisho, karibu na ncha: imegeuka kijani, na nyuzi zenyewe zimekuwa nyeusi, zimekauka kama majani makavu. Ukiigusa ncha hiyo inaacha unga kwenye kidole. Ilikuwa imebanwa chini ya skrubu kwa miaka na hakuna aliyeigusa. Hewa na unyevu viliingia taratibu, shaba ikaota kutu yake ya kijani, na kutu ile haipitishi umeme vizuri. Waya wa mita 5 wenye omu 0.07, na ncha moja yenye kutu na kulegea inaweza kubeba ukinzani mara kadhaa ya waya mzima, tena ukinzani usiotulia, unaopanda na kushuka koni inapotikisa sanduku.

Tuchukulie ungio baya la nusu omu. Muziki ukipanda, ampea 5 zikipita hapo, wati 12 na nusu zinageuka joto kwenye ncha ya skrubu, mahali padogo kuliko punje ya mahindi. Ndiyo maana baadhi yenu mmewahi kuona plastiki imeyeyuka nyuma ya amplifaya.

Dawa yake haihitaji fedha. Zima amplifaya. Kata ile sehemu iliyooza mpaka ukute shaba inayong'aa, hata ikibidi kukata sentimita 10. Menya ganda sentimita 1 na nusu hivi, bila kukata nyuzi za ndani, maana kila uzi unaoukata unaupunguza unene uliolipia. Zisokote nyuzi kwa vidole, zikaze ziwe kamba moja. Ingiza, bana, kisha vuta kidogo uone kama umeshika. Na sasa ndilo jambo linalosahauliwa: rudi baada ya wiki moja ukaze tena. Shaba laini ikibanwa hujipanga upya, na nati iliyokuwa imekaza Jumatatu huwa imelegea Jumatatu inayofuata. Baada ya hapo, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Wapo wanaopenda kuchovya ncha kwenye risasi ya kulehemu kabla ya kuibana kwa skrubu. Nawaelewa, inapendeza, nyuzi hazitawanyiki. Lakini risasi ile ni laini. Ikibanwa inatiririka polepole, polepole, na baada ya miezi nati haina tena cha kubana. Ukitaka ncha nadhifu tumia vile vimirija vya chuma vinavyovishwa kwenye ncha na kubanwa kwa koleo, au plagi za ndizi, zile pini za kuchomeka zilizovimba katikati.

Plagi za ndizi nazipenda, nataka niseme wazi. Zina kipenyo cha milimita 4, zinaingia na kutoka bila bisibisi, na kila unapozichomoa na kuzirudisha zinajisugua zenyewe na kusafisha mguso wao. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza, zile hafifu hulegea, na plagi iliyolegea ni afadhali waya mtupu. Ya pili ni ya usalama. Plagi ya umeme ya Ulaya yenye pini mbili ina pini za milimita 4 pia, na nafasi kati ya pini hizo inakaribiana sana na milimita 19 zinazotenganisha vichwa vya kuungia vya spika nyingi. Mtoto anaweza kuziingiza plagi za spika kwenye soketi ya ukutani. Hiyo ndiyo sababu mkinunua amplifaya au spika mnakuta vile vifuniko vidogo vya plastiki vimeziba matundu ya nyuma. Havikuwekwa kwa urembo. Nyumba yenye watoto wadogo, ncha za waya za spika zisiachwe zikining'inia.

Na uzi mmoja uliotoroka. Mnazijua nyuzi zile, nyembamba kama nywele. Moja ikichomoza upande mwekundu ikagusa upande mweusi, ni shoti. Amplifaya nzuri itajizima. Isiyo na ulinzi itaunguza transista zake kabla hujafika kwenye swichi. Kila mara nikimaliza kuunganisha nawasha tochi ya simu, naichungulia kila ungio moja moja, amplifaya bado imezimwa. Sekunde 30. Sijawahi kujutia sekunde hizo.

Sasa turudi kwa mwimbaji wetu.

Kila spika ina kichwa chekundu na cheusi, chanya na hasi. Umeme wa muziki unaenda na kurudi, kwa hiyo spika moja ikiwa peke yake itapiga hata ukiigeuza, yaani nyaya zake mbili zikibadilishana nafasi. Tatizo linakuja zikiwa mbili. Ukiigeuza moja, koni ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inavuta. Besi ina mawimbi marefu, mita kadhaa kila moja, kwa hiyo mawimbi mawili yanakutana chumbani yakiwa kinyume na kufutana. Besi inatoweka. Na sauti iliyorekodiwa katikati, kama ya mwimbaji, inakosa pa kusimama. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana: mmoja anasikia kushoto, mmoja kulia, mwingine anasikia kila mahali.

Naam. Tangu mlipoingia spika ya kushoto imegeuzwa. Niliigeuza mwenyewe.

Nataka muone jinsi ya kuikagua spika kwa macho. Hii ni betri ndogo ya kawaida, volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Nimetoa kitambaa cha mbele ili koni ionekane. Nagusa chanya ya betri kwenye chekundu, hasi kwenye cheusi, mguso mfupi tu. Mmeona? Koni imetoka nje, kuja kwenu, na mmesikia kile kishindo kidogo. Sasa nageuza. Imeingia ndani. Hivyo ndivyo mnavyozikagua nyaya ndefu zilizofukiwa ukutani ambazo hakuna anayekumbuka ipi ni ipi: mtu mmoja anagusisha betri ncha ya upande wa amplifaya, waya ukiwa umechomolewa kwenye amplifaya, mwenzake anaitazama koni. Msiiache betri ikiwa imegusa, ni kugusa na kutoa. Na msiijaribu moja kwa moja kwenye twita iliyotolewa kwenye sanduku. Ikiwa ndani ya sanduku, kapasita iliyo mbele yake inaizuia betri isiifikie.

Lakini hapa nina onyo kwa mafundi wa nyumbani wanaopenda kufungua sanduku. Ndani mtaona vipuri vinavyogawa muziki, koili na kapasita, huku besi ikielekezwa kwenye wufa na sauti nyembamba kwenye twita. Mnaweza kukuta waya mwekundu wa twita umefungwa kwenye hasi. Msiurekebishe! Kuna aina ya mgawanyo ambapo koili na kapasita zinasogeza wimbi la wufa nyuma na la twita mbele kiasi kwamba, pale sauti zao zinapokutana, zimekuwa kinyume kabisa. Aliyebuni spika aliligeuza lile twita makusudi ili zikutane zikiwa pamoja. Nimemwona kijana mwenye nia njema aliyesawazisha rangi za nyaya za ndani, akapata shimo katikati ya sauti, pale hasa ambapo sauti ya binadamu hukaa. Linganisha kushoto na kulia, zikiwa zimefungwa sawasawa ziache.

Niingie kwenye kuhesabu, maana hapa ndipo amplifaya zinapofia. Watu wanapenda kuongeza spika: mbili sebuleni, mbili chumba cha pili. Ukiziunganisha spika mbili za omu 8 sambamba, chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi kwenye mlango mmoja wa amplifaya, hupati 16. Unapata 4. Umefungua njia mbili, umeme unapita maradufu. Ukiongeza ya tatu na ya nne umefika omu 2. Amplifaya inayotoa wati 50 kwenye omu 8 inasukuma volti 20 na ampea 2.5. Kwa volti zilezile, omu 4 zinadai ampea 5 na omu 2 zinadai ampea 10. Nyingi za nyumbani haziwezi. Zinapata moto, zinajizima, na mwenye nyumba anasema amplifaya ni mbovu.

Soma maandishi madogo ya nyuma. Amplifaya nyingi zenye milango A na B zimeandikwa kwamba mkitumia yote miwili kwa pamoja, kila spika iwe na omu 8 au zaidi. Sababu ndiyo hiyo, kwa kawaida A na B huungana sambamba ndani. Mfuatano, yaani chanya ya spika ya pili kufuata hasi ya kwanza, unajumlisha: 8 na 8 ni 16, amplifaya inapumua. Ila siupendi kwa kusikiliza muziki kwa makini, kwa sababu ukinzani unaopanda na kushuka wa spika moja unaingilia umeme wa mwenzake, hasa kama hazifanani. Kwa sauti ya kupikia na kufulia, haina shida.

Na amplifaya nyingi ndogo za kisasa zina tabia ambayo lazima muijue: hasi yake si ardhi. Pande zote mbili, nyekundu na nyeusi, zinasukuma umeme, moja ikipanda mwenzake anashuka. Ukizikusanya hasi za kushoto na kulia kwenye waya mmoja ili uokoe waya, au ukiigusisha hasi kwenye sanduku la chuma, unaichoma. Kila spika ipewe nyaya zake mbili, kila mara, hata pale ambapo ungeweza kuokoa mmoja. Ukiizoea desturi hiyo hutahitaji kukumbuka amplifaya ipi ni ya aina gani.

Limebaki suala la vichwa vinne, maana najua mtaniuliza. Kuna wanaotoa vibati na kuvuta jozi mbili za waya kutoka kwenye amplifaya ileile, moja ya wufa na moja ya twita. Kiumeme nyaya hizo zinakutana kwenye ncha moja ileile ya amplifaya. Mnachopata kwa hakika ni shaba zaidi. Mimi nimezivuta nikazitoa, na ningependelea jozi moja nzuri yenye maungio safi. Lakini mtu anayetumia amplifaya mbili, moja ya besi na moja ya juu, huyo ni lazima avitoe vibati kabla ya kuwasha. Akivisahau, ameziunganisha amplifaya mbili mdomo kwa mdomo, na walau moja itaungua. Nawasihi, vitoeni mviweke kwenye bahasha, muibandike bahasha mgongoni mwa spika. Siku ya kurudi kwenye amplifaya moja mtavihitaji, na spika isiyo navyo itapiga besi tupu.

Mkitaka kuulinganisha waya na waya kwa haki, msitazame na msikadirie sauti kwa sikio. Sauti iliyozidi kidogo tu huonekana tamu zaidi. Pigeni mlio wa kupimia, pimeni volti kwenye vichwa vya spika kwa maltimita, kile chombo cha kupimia umeme, na mzisawazishe hadi tofauti iwe chini ya asilimia 1, ambayo ni chini kidogo ya desibeli 0.1. Kisha mwingine abadilishe, ninyi msione. Nimelifanya mara nyingi kwa nyaya za shaba zenye unene unaotosha na maungio safi, na sijaweza kuzitofautisha. Kwa ungio lililooza nimetambua kila mara.

Sasa namwomba ndugu yangu aliye karibu na amplifaya aizime. Asante. Narudisha nyaya za spika ya kushoto mahali pake: chekundu kwenye chekundu, cheusi kwenye cheusi. Nakaza. Navuta kidogo. Natazama kwa tochi, hakuna uzi uliotoroka. Washa, tafadhali, wimbo uleule, sauti ileile.

Ninyi watatu wa safu ya mbele, msiseme kwanza. Fumbeni macho, kisha nyosheni kidole alipo.

Katikati. Wote watatu, katikati, na gitaa limeshuka tumboni mwake. Sikieni ule uzi mnene wa juu unavyovuma.

Mezani hapa kuna maltimita mbili, koleo la kumenyea, betri na tochi. Waliokuja na nyaya zao au na spika ndogo wasogee. Tutaanza na zile zenye ncha za kijani.